Tahadhari: Prosesa za Ryzen 7 5800X3D zilizochakachuliwa wanazouziwa watumiaji wa simuleta za ndege

Ndugu wadau wa simuleta za ndege, naandika kuwatahadharisha kuhusu prosesa inayouzwa kwa jina la AMD Ryzen 7 5800X3D ilhali yenyewe ni Ryzen 7 3700X, prosesa ya mwaka 2019 ambayo mtumba wake haufiki hata nusu ya bei ya 5800X3D. Nimeuziwa mimi mwenyewe katika duka moja Kariakoo, nikagundua baada ya siku 12, na tangu hapo nimekutana na mwenzangu aliyeuziwa ya aina hiyo hiyo na fundi wa duka hilo hilo. Jina la duka silitaji kwa sababu malalamiko yako polisi. Mbinu yenyewe nitaieleza yote, maana duka linaweza kubadilisha jina kesho na mbinu ikabaki ile ile.

Hali iliyonipeleka dukani wengi wetu tunaijua. Natumia Microsoft Flight Simulator tangu mwaka 2020, na kompyuta yangu ilikuwa na Ryzen 5 3600, RAM ya GB 32 na kadi ya picha ya RTX 3060 Ti. Nikiruka na ndege ndogo kutoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar sipati shida yoyote, lakini nikiingia uwanja wa Heathrow, London, na Airbus A320 fremu hushuka hadi 29 kwa sekunde na picha hukwamakwama, hasa ndege inapokuwa futi 50 juu ya barabara ya kutua, wakati ambao rubani anahitaji kuona vizuri kuliko wakati mwingine wowote. Nilishusha ubora wa picha mara kadhaa bila kuona tofauti. Kipimo cha fremu cha ndani ya simuleta kiliendelea kuandika "Limited by MainThread", maana yake kadi ya picha imekaa inaisubiri prosesa.

Kwa mwenye madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) yenye soketi ya AM4, ushauri unaotolewa mara nyingi hapo ni kununua 5800X3D, na ushauri huo ni sahihi. Ilitoka Aprili 2022, inakaa kwenye soketi ile ile, na kache yake ya L3 (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ni MB 96 wakati 5800X ya kawaida ina MB 32. Simuleta huweka mzigo mkubwa kwenye uzi mmoja wa prosesa (mfululizo mmoja wa kazi), na uzi huo hurukaruka kwenye kumbukumbu ukitafuta data za mandhari, za mifumo ya ndege na za ndege nyingine zilizo angani. Kadiri data hizo zinavyopatikana ndani ya kache bila kuifuata RAM, ndivyo fremu zinavyotulia. Ndiyo maana prosesa hii inatafutwa sana, mpya zimeadimika, na matapeli wameona mwanya.

Fundi niliyemkuta ni mtu anayejua kazi yake, na hilo ndilo lililoniponza. Alinieleza habari za kache vizuri kuliko nilivyoeleza hapa, akanionyesha prosesa yenye maandishi yanayosomeka wazi, ikiwa ndani ya boksi pamoja na feni yake. Bei tuliyopatana ilikuwa shilingi 780,000, naye akaichukua Ryzen 5 3600 yangu kwa thamani ya 150,000, hivyo nikamtumia 630,000 kwa simu. Akasema kazi ya kufunga ataifanya bure, atasasisha BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) kwa kuwa madabodi yangu ya B450 ni ya zamani, na ataweka Windows upya "ili imtambue mgeni". Aliingia na kompyuta chumba cha nyuma, na baada ya saa moja na nusu akaitoa ikiwa imewaka. Kwenye ukurasa wa taarifa za kompyuta paliandikwa AMD Ryzen 7 5800X3D 8-Core Processor. Akafungua Task Manager, nikahesabu vijisanduku 16 vya nyuzi, jina ni lile lile juu yake. Nikashukuru, nikaondoka.

Sasa tuangalie kwa nini alichagua 3700X. Ina kori (viini vya kufanyia kazi) 8 na nyuzi 16 kama 5800X3D, kwa hiyo mwenye kuhesabu kori hawezi kushtuka. Kasi yake ya juu ni GHz 4.4 na ya 5800X3D ni GHz 4.5, tofauti ambayo huwezi kuiona kwa macho. Na jina ambalo Windows inalionyesha si ushahidi hata kidogo, kwa sababu Windows hulisoma kutoka kwenye rejista yake, mahali ambapo mtu yeyote mwenye ruhusa ya msimamizi anaweza kuandika atakalo. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa jina la kweli hurudi, ndiyo maana alihitaji kuweka Windows mwenyewe: nilikuja kukuta kazi ndogo iliyopangwa kujiendesha kila kompyuta inapowaka, isiyofanya lolote ila kuandika upya jina lile la uongo.

Nyumbani nilirudi Heathrow kwa ndege ile ile, saa ile ile na hali ya hewa ile ile. Fremu zilikuwa 30. Kwa siku kadhaa nililaumu simuleta, nikalaumu madereva ya kadi ya picha, nikaweka upya mandhari yote. Siku ya 12 ndipo nilipoteremsha macho kwenye Task Manager kutoka kwenye jina hadi kwenye takwimu za chini, ambazo nilikuwa sijazisoma. L3 cache: 32.0 MB. Base speed: 3.60 GHz. Prosesa ya kweli ya 5800X3D ingeonyesha MB 96, na kasi yake ya msingi ni GHz 3.4.

Nilijaribu kuingia kwenye BIOS, nikakuta imewekwa nywila. Nikazima umeme, nikafungua ganda, nikachomoa ile betri ya duara ya madabodi kwa dakika kumi na kuirudisha. Kompyuta ilipowaka, nywila ilikuwa imefutika na BIOS ikaandika bila kuficha: AMD Ryzen 7 3700X 8-Core Processor. Tarehe ya BIOS ilikuwa ya mwaka 2019. Haikusasishwa kamwe, na kwa tarehe hiyo peke yake 5800X3D isingeweza kutambuliwa na ubao ule, kwa kuwa ilitoka miaka mitatu baadaye.

Jambo la mwisho lilikuwa kuiona kwa macho. Niliendesha simuleta kwa nusu saa ili pesti ya kupozea ilainike, nikazima, kisha nikakizungusha kipoza joto taratibu kushoto na kulia kabla ya kukinyanyua. Naomba mnaotumia AM4 mlizingatie hili, kwa sababu pini ziko kwenye prosesa, na ukikivuta kipoza joto kwa nguvu kinaweza kung'oka nayo na kuzipinda. Nilifuta pesti kwa spiriti nikaiweka prosesa chini ya taa. Uso wa juu wa prosesa hizi ni shaba iliyopakwa nikeli. Ya kwangu ilikuwa imesuguliwa kwa msasa laini kabla ya kuchorwa upya, na kwenye kona mbili nikeli ilikuwa imekwisha, wekundu wa shaba ukichungulia. Mistari ya msasa ilionekana yote ikielekea upande mmoja. Kisha kulikuwa na boksi: AMD ilitoa 5800X3D bila feni, ilhali 3700X ndiyo iliyouzwa na feni. Ile feni niliyoifurahia dukani ilikuwa ushahidi tosha tangu mwanzo.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hela, usikubali prosesa ifungwe mahali usipopaona. Kompyuta ikishafungwa, iwashe mwenyewe ukibonyeza Delete, uingie kwenye BIOS na usome jina pale. Ukikuta nywila usiyoiweka wewe, biashara iishie hapo. Ukiingia kwenye Windows, tumia nakala ya CPU-Z (programu inayosoma taarifa za prosesa) uliyoipakua nyumbani na kuja nayo kwenye fleshi yako, si ile utakayoikuta dukani. Itakuonyesha jina la kizazi, ambalo kwa 5800X3D ni Vermeer na kwa 3700X ni Matisse. Ukisoma sehemu moja tu, soma ukubwa wa kache ya L3, kwa sababu jina ni maandishi, nayo maandishi yana njia nyingi za kubadilishwa. Wenye madabodi za AM5, soketi iliyofuata AM4, wanaotafuta 7800X3D au 9800X3D watafute MB 96 hizo hizo. Na prosesa yako ya zamani usiiachie siku hiyo hiyo. Laiti ningebaki na 3600 yangu, hasara ingekuwa nusu tu ya maumivu.

Nilipompigia fundi alisema nimebadilisha prosesa mwenyewe ili nimwibie. Siku iliyofuata namba yake haikupatikana. Risiti niliyokuwa nayo ni ya kuandikwa kwa mkono, si ya EFD (mashine ya risiti za kodi), na imeandikwa "prosesa 1" bila jina wala namba, jambo ambalo polisi walilitaja kabla hata sijamaliza kueleza. Hata hivyo nimepewa RB (namba ya taarifa ya polisi), kwa kuwa nilikuwa nimehifadhi ujumbe aliouandika kwa mkono wake akitaja "5800X3D original" na bei, pamoja na kumbukumbu ya malipo ya simu. Malalamiko ya pili nimeyapeleka FCC (Tume ya Ushindani), ambao ndio wanaoshughulikia bidhaa bandia.

Prosesa yenyewe nimeiweka kwenye bahasha kama kielelezo, na kompyuta imekaa bila prosesa tangu siku hiyo. Aliyeuziwa 5800X3D hapa Dar es Salaam ikiwa na feni ndani ya boksi, au aliyekuta nywila kwenye BIOS baada ya kutoka kwa fundi, naomba asome ukubwa wa kache leo hii. Akikuta MB 32 asiweke Windows upya, asifute chochote, apige picha ya skrini na ya uso wa prosesa, kisha aniandikie ujumbe binafsi. Mwenzangu niliyemtaja tayari ameongozana nami kituoni, na mpelelezi amesema walalamikaji wengine wakijitokeza maelezo yao yataunganishwa na ya kwetu.