Pikapu ya tani moja, tairi dabo: uzoefu wangu kwenye kazi ya kusafirisha magari na trela

Ukienda kutafuta gari la kuanzia kazi hii, muuzaji atakutajia namba moja tu: inavuta tani ngapi. Namba hiyo huwa ya kweli, ila siyo itakayokukwamisha. Kinachokwamisha ni uzito ambao gari lenyewe linaruhusiwa kubeba mgongoni, na huo umeandikwa kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Mimi husoma karatasi hiyo kabla sijafungua boneti.

Nilichochukua ni pikapu ya dizeli ya daraja linaloitwa tani moja, milango minne, bodi ndefu, tairi nne kwenye ekseli ya nyuma. Kampuni siitaji, maana ninachokieleza ni daraja zima: Ford F-350, Ram 3500 na Chevrolet Silverado 3500 zinafanana kikazi kuliko mashabiki wao wanavyopenda kukubali. Na usidanganywe na hiyo "tani moja". Ni jina la zamani lililobaki. Magari haya siku hizi hubeba zaidi ya hapo.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Trela ya kubeba magari mawili ikiwa tupu ina kama kilo 2,500. Pakia saluni mbili za kilo 1,700 kila moja, umefika kilo 5,900. Kwa trela inayofungwa juu ya ekseli ya nyuma ya pikapu, katikati ya bodi, karibu asilimia 20 ya uzito wote hulalia gari linalovuta, yaani kilo 1,180. Ongeza dereva, utingo, minyororo, mikanda, jeki na tairi za akiba, unakaribia kilo 1,450. Pikapu nyingi za dizeli za daraja la chini yake, zenye milango minne, hazina nafasi hiyo hata kama tangazo linasema zinavuta mzigo huo bila shida. Injini kubwa ya dizeli yenyewe hula nafasi: Cummins ya lita 6.7 peke yake ina karibu nusu tani.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, peleka gari kwenye mizani likiwa na tangi limejaa, toa jibu kwenye uzito wa juu ulioidhinishwa, ndipo ujue umebaki na nini. Muuzaji akikataa lisipimwe, tafuta mwingine.

Nilifikiria pia pikapu ndogo. Hilux ya dizeli hutangazwa kuvuta hadi kilo 3,500 kwa trela yenye breki zake, na kwa saluni moja juu ya trela nyepesi inatosha kabisa. Shida huja mteja akikupigia kuhusu Land Cruiser kubwa ya kilo 2,600. Trela ya ekseli mbili ina kilo 900 au zaidi, tayari umegonga dari, na bado hujaweka vifaa juu yake. Magari ya umeme yanazidi kuongeza tatizo hili kwa sababu ya betri. Gari dogo kwa macho linaweza kukufikia kilo 2,000, kwa hiyo siku hizi siulizi mteja ukubwa wa gari, naomba aina kamili na mwaka.

Nguvu ya kuvuta ndiyo kila mtu huisifia, nami nitaipita haraka: ipo, inapatikana chini kabisa, kwenye mizunguko 1,600 hadi 1,800 kwa dakika, hivyo mlima haukulazimishi kuipigisha injini kelele. Injini ya petroli isiyo na turbo huishiwa pumzi kadiri unavyopanda nyanda za juu. Ya turbo haisumbuki sana.

Kilichonifanya nilipende gari hili ni kushuka. Breki ya ekzosti inaziba njia ya moshi, injini inajizuia yenyewe, na tani sita nyuma yako zinateremka kwa mwendo ule ule bila kukanyaga pedali kila mara. Breki za kawaida zikichemka kwenye mteremko mrefu, pedali inalegea na hakuna dua itakayoirudisha kwa wakati. Ila breki ya ekzosti haifanyi kazi ya breki za trela. Trela lazima iwe na breki kwenye ekseli zake, na kidhibiti chake kiwe karibu na mkono wa dereva, ili trela ikianza kuyumba uifunge yenyewe bila kugusa breki ya gari. Kuyumba kwenyewe mara nyingi hutokana na upakiaji: gari zito likikaa nyuma ya ekseli za trela, mkia ndio unaomwongoza mbwa. Sogeza mzigo mbele.

Tairi dabo zinatuliza gari kwenye upepo na wakati lori kubwa linapokupita, na moja ikipasuka si rahisi kupinduka. Basi. Mengine yote ni gharama. Unanunua tairi sita, jiwe linanasa katikati ya mbili za nyuma, kupima upepo wa tairi ya ndani ni kazi ya kupiga magoti, na njia nyembamba zinakuwa ugomvi. Likiwa tupu linarusha abiria kama gunia na bado linakunywa mafuta, hivyo safari ya kurudi bila mzigo ihesabiwe kwenye bei tangu mwanzo.

Dizeli za kisasa zina adha nyingine. Kichujio cha moshi huziba kama gari linafanya safari fupi fupi tu, kwa kuwa hakipati joto la kuchoma masizi. Pia kuna maji ya urea ya kujazia, yanayosafisha moshi. Yakiisha, kompyuta inapunguza nguvu au inakataa kuwasha, na ujumbe hauji ukiwa karibu na duka.

Leseni nayo iangalie kabla ya gari. Sheria nyingi hutazama uzito ulioidhinishwa kwenye karatasi, si ule uliopakia siku hiyo. Ulaya, leseni ya daraja B kwa kawaida huishia kwenye gari la kilo 3,500, na pikapu za tairi dabo za aina hii huidhinishwa hadi kama kilo 6,350. Bima vilevile: ile ya gari lako hailipi gari la mteja lililoko juu ya trela. Hiyo ni bima ya mzigo, inakatwa peke yake.

Ningelinunua tena? Kwa safari ndefu za magari mawili na kuvuta trela za watu, ndiyo, bila kufikiri. Lakini kama kazi yako itakuwa kuokota magari mabovu mjini, moja moja, chukua Canter au Isuzu NPR yenye bodi ya kuteremka na winchi. Inakata kona vizuri zaidi, huhitaji kurudi nyuma na trela kwenye msongamano, na gari lisilo na tairi linapanda bila kumsumbua mtu.