Godless Savage Garden ya Dimmu Borgir: nyimbo mbili zinaibeba, tatu zinajazia

Mwaka 1997 Dimmu Borgir, bendi ya Norwe, walitoa albamu Enthrone Darkness Triumphant kupitia Nuclear Blast, kampuni ya muziki ya Ujerumani. Bleki metali ya Norwe, roki nzito ya kasi yenye sauti za kukwaruza, ikawafikia watu ambao hawakuwahi kuigusa. Godless Savage Garden ikafuata 1998. Hii si albamu kamili, ni mkusanyiko wa nyimbo nane, takriban dakika 41: mbili za studio ambazo hazikuwemo kwenye Enthrone, mbili za zamani zilizorekodiwa upya, moja ya bendi nyingine na tatu za jukwaani. Anayeinunua akidhani ni mwendelezo wa Enthrone atanung'unika, na atakuwa na haki yake.

Cha kununulia ni wimbo wa 2 na wa 4. Yote miwili, Hunnerkongens sorgsvarte ferd over steppene na Raabjørn speiler draugheimens skodde, inatoka kwenye albamu yao ya kwanza, For all tid. Wakati ule Silenoz ndiye aliyekuwa mwimbaji mkuu, Shagrath alikaa nyuma ya dramu na Tjodalv alishika gitaa. Kwenye marudio haya Shagrath yuko kwenye maikrofoni na Tjodalv amehamia kwenye dramu. Kwa hiyo usidhani ni rekodi ya zamani iliyopigwa deki. Mikono imebadilika, na mapigo yamebadilika nayo.

Studio ni Abyss ya prodyuza Peter Tägtgren, Sweden, ileile iliyozaa Enthrone. Tofauti inasikika tangu sekunde za kwanza za Hunnerkongens. Kwenye For all tid kila kitu kiko mbali: gitaa na kinanda vimeyeyukiana, ngoma ya mguu unaihisi zaidi kuliko kuisikia. Hapa kila pigo la ngoma hiyo linatoka limechongoka, gitaa zimejaa kushoto na kulia, na kinanda cha Stian Aarstad kimepewa njia yake juu ya vyote. Wimbo ni mfupi, kama dakika tatu, wa kasi, na kasi ndiyo inayonufaika na usafi huu: uzi wa gitaa unaochapwa mfululizo haugeuki tena kuwa mvumo mmoja.

Raabjørn ni kesi nyingine. Wimbo huu ulikuwa unaishi kwa ukungu wake. Ukiusafisha, unagundua kwamba sehemu zake ni chache na zinarudiwa, na kinanda kikiwa mbele kiasi hiki kinautia utamu ambao haukuwa nao. Wanaoupenda mpya kuliko wa zamani wapo wengi; kwangu wa zamani bado unashinda.

Ukitaka kulinganisha mwenyewe, anza na wa zamani, kisha wa Abyss, na urekebishe sauti mpaka zilingane kwa sikio kabla ya kutoa hukumu. Usipofanya hivyo, sikio litachagua ule wenye kelele zaidi na kuuita bora. Usiguse ekwalaiza, yaani vidhibiti vya besi na sauti za juu. Watu hupandisha besi ili wa zamani "ushibe", na wanachopata ni kishindo cha matope, kwa kuwa besi hiyo haikurekodiwa tangu mwanzo.

Kwa zile mbili za studio, Moonchild Domain unafungua mkusanyiko vizuri na ungeweza kukaa kwenye Enthrone bila aibu. Chaos Without Prophecy, wa dakika saba, ndio mrefu kuliko yote. Una kona nyingi, kinanda ndicho kinachokushika mkono kutoka moja hadi nyingine, na katikati unachosha kidogo. Ni wa kusikilizwa kwa hedifoni, la sivyo tabaka za chini zinapotea.

Metal Heart ni wa Accept, Wajerumani, wa mwaka 1985. Asili yake imewachota Tchaikovsky na Beethoven, kwa hiyo bendi inayopenda kinanda haikulazimika kuunyonga ili uwafae. Unachekesha kwa namna nzuri: sauti ya kukwaruza ya Shagrath kwenye kiitikio kile cha kuinua ngumi.

Mwisho kuna za jukwaani: Stormblåst, Master of Disharmony na In Death's Embrace. Zimepigwa barabara, lakini hazina kipya, na mbili kati yake tayari zipo kwenye Enthrone. Stormblåst pekee ndio wenye sababu ya kuwepo, maana unasikika na nguvu ambayo rekodi ya 1996 haikuwa nayo.

Kama unapata faili badala ya sidii, epuka za kilobiti 128 kwa sekunde. Kwenye muziki huu kinachoharibika kwanza ni matoazi: yanaanza kutoa sauti ya maji yanayochemka, kisha gitaa zinafuata. Chukua za kilobiti 320 au FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti. Kagua pia majina: herufi å na ø kwenye Stormblåst na Raabjørn hugeuka alama za ajabu kwenye redio nyingi za magari, na baadhi zinauruka wimbo kabisa. Andika a na o za kawaida kwenye jina la faili na kwenye taarifa za ndani, yaani jina la wimbo lililohifadhiwa ndani ya faili lenyewe. Ukibadilisha jina la faili pekee, redio inayosoma taarifa za ndani itaendelea kugoma.