Chakacha ya akina mama wa Majengo: wakodini, ila kinanda kibaki kwao

Tuliwakodi usiku wa ngoma wa binti ya dada yangu, huku Kisauni, Mombasa, bibi harusi alipokwisha kusingwa. Ni kikundi cha chakacha, ngoma ya kuzungusha kiuno, cha wanawake peke yao kutoka Majengo, baadhi yao watu wazima kabisa. Malipo ni shilingi 25,000, na tuktuk ya kuwaleta na kuwarudisha ni juu yako. Si haba, lakini kuna madijei wanaodai zaidi ya hizo.

Wapigaji wanajua kazi. Walikuja na ngoma tatu, msondo, chapuo na vumi, zote za ngozi, wakazipasha kwenye jiko la makaa uani mpaka zikakaza. Watu walishaanza kunung'unika njaa, wao wala hawana haraka.

Halafu akaingia mkubwa wao, leso kaifunga nyongani, hatua zenyewe utadhani amesimama. Kiuno kinazunguka taratibu, kuanzia mbavuni kwenda juu kumetulia tuli, asmini kichwani haipotezi hata ua moja. Hayo ndiyo madaha! Wasichana wetu wamezoea kurusha nyonga kama wamevamiwa na nyuki, wakawa wanachekana. Mama yule akamvuta mmoja, akamshika kiuno kwa viganja viwili: "Usiikimbize ngoma, mwanangu. Ngoja ikufikie." Baada ya nyimbo mbili hivi, msichana alikuwa anakwenda vizuri, mashallah.

Wengi chakacha wameijulia jukwaani, tangu bendi za pwani kama Them Mushrooms zilipoitia magitaa. Sina ugomvi nazo. Lakini hii ni ngoma ya wanawake, ya harusini, mlango ukishafungwa, na baadhi ya maneno yake hayatamkiki mbele ya baba mkwe. Kwa hiyo nilipenda walivyokusanya simu zetu zote kwenye kikapu mlangoni. Shangazi mmoja aligoma kutoa yake. Ngoma nayo ikagoma kuanza. Akaitoa.

Tuliwaomba lelemama pia, ngoma nyingine ya wanawake. Wakajipanga safu moja, wanacheza shingo na vidole tu. Nyanya yetu, ambaye usichana wake ulikuwa enzi zile vyama vya lelemama vikishindana hapa Mombasa, alisema safu imepinda. Akatuza noti ya mia mbili hata hivyo.

Kilichoniudhi ni kinanda. Katikati ya usiku walikiunga kwenye spika kubwa, na chapuo halikusikika tena. Wazee wakakaa, vijana peke yao wakabaki uwanjani. Tulipowaambia wakakizima, bila kununa, lakini nusu saa ilishapotea. Mkipatana nao, semeni mapema: ngoma tupu.

Na kama harusi yenu ni Shaabani, wawahini. Mwezi huo kila mtu anataka kuoza kabla ya Ramadhani.