Geli ya adapalene 0.1%: kijana wa miaka 15 na shangazi yake tumeipaka, majibu hayafanani

Naona watu wengi wanauliza kama hii geli ya chunusi inafanya kazi kweli, na wanaojibu ni wale wa "mimi imenitoa kabisa" au "achana nayo iliniharibu uso", ila hakuna anayesema ana miaka mingapi na chunusi zake zinakaa sehemu gani ya uso, na hapo ndo penye mambo yote. Kwetu tumeitumia wawili, mimi nina 33, na mtoto wa kaka yangu ana 15 yuko kidato cha pili, kwa hiyo naandika ya pande zote mbili.

Adapalene ni ndugu wa vitamini A, kazi yake kubwa ni kuzuia vitundu vya ngozi visizibe. Marekani ilikuwa lazima uwe na cheti cha daktari mpaka 2016 ndo wakaruhusu hii ya 0.1% iuzwe dukani bila cheti, kwa wenye miaka 12 kwenda juu. Zinazouzwa huku nyingi zinatoka India, mtajie mfamasia jina la dawa, usimwambie tu "naomba ya chunusi" maana atakupa chochote.

Tuanze na kijana. Chunusi zake zilikuwa paji lote la uso na pua, vidogo vidogo vingi, ukipitisha kidole unahisi kama mchanga. Umri ule homoni za balehe zinaamsha tezi za mafuta, asubuhi ananawa vizuri lakini kufika saa nne uso unang'aa, mafuta yanakutana na ngozi iliyokufa, kitundu kinaziba, bakteria wanapata pa kukaa. Na watoto wa kiume ndo zinawashika vibaya zaidi. Usiku alipaka adapalene, asubuhi benzoili peroksaidi ya 2.5%, dawa nyingine ya kupaka inayoua bakteria wa chunusi, na tafadhali usikimbilie ya 10% ukidhani ndo kali itamaliza haraka, ya 2.5% inafanya kazi karibu sawasawa na haiunguzi kiasi kile. Ubaya wake inakula rangi ya nguo, kola ya sweta lake la shule imetoka mabaka meupe mpaka mama yake akadhani ni jiki. Tulimpunguzia pia mafuta ya nywele, alikuwa anapaka mengi yanashuka mpaka kwenye paji na yale nayo yanaziba. Muhula ulipoisha paji lilikuwa laini, zimebaki mbili tatu puani, na mtoto ameanza kukubali kupigwa picha, hilo peke yake limenifurahisha kuliko kitu chochote.

Sasa mimi. Zangu ziko kwenye taya na kidevu, chache ila kubwa, zinakaa ndani kabisa hazina hata kichwa, ukigusa unaruka kwa maumivu, na zinakuja kila nikikaribia siku zangu. Wanawake wengi wa umri wangu ndo wanazo za hivi, hata ambao ujanani hawakuwahi kuwa na hata moja. Ngozi yenyewe si ya mafuta, mashavu yangu ni makavu, hivyo ile ratiba ya kijana ya geli usiku na peroksaidi asubuhi usoni kwangu ingenibabua tu. Niliianza kwa kuruka siku, napaka losheni kwanza ndo geli juu yake, na bado wiki za mwanzo pembeni ya mdomo palichubuka na chunusi zikaongezeka. Hiyo ni kawaida yake, wengi wanaiacha hapo hapo wakati inahitaji kama wiki 12 ndo uihukumu. Ilichonisaidia ni madoa, yale meusi yanayobaki kwenye ngozi zetu miezi na miezi baada ya chunusi kuisha, yamefifia vizuri. Lakini zile za kidevuni zimepungua tu, hazijaisha, kwa sababu chanzo kiko kwenye homoni na geli ya juu haifiki huko. Mtu mzima ukiona zinakuja hivyo, na hedhi inaruka au nywele zinaota kidevuni, nenda ukapime, inaweza kuwa shida ya homoni na vifuko vya mayai ya uzazi. Na kama zilianza baada ya sindano au kijiti cha uzazi wa mpango, mwambie daktari, usinyamaze.

Kitu kinachoniuma ni zile krimu za kuchanganya zinazouzwa kwenye vikopo visivyo na lebo, unaambiwa zinatoa chunusi na madoa kwa wiki. Kuna duka moja waliniambia nimpake na mtoto! Nyingi zina steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, uso unakuwa laini haraka kweli, ukiacha zinarudi nyingi zaidi na ngozi imeshakuwa nyembamba. Usimpe mtoto wako kitu kile jamani.

Kwenye kupaka, kiasi cha punje moja ya kunde kinatosha uso mzima, uso ukiwa mkavu kabisa, na paka eneo lote, siyo kudonoa juu ya chunusi moja moja. Mchana weka sanskrini, mafuta ya kukinga jua, maana geli hii inafanya ngozi iungue na jua kirahisi. Ukiwa mjamzito au unatafuta mtoto usiitumie hii geli. Na msitumbue, hasa hizi za ndani, ndo zinaacha makovu.

Kwa uso wa kijana naipa nyota tano kati ya tano. Kwa mtu mzima mwenye za kwenye taya, tatu na nusu. Mimi naendelea nayo kwa ajili ya madoa, hizi za kidevuni nimeshapanga miadi na daktari wa ngozi, nasikia kuna vidonge vya spironolakitoni wanawapa wanawake kwa chunusi za homoni, hivyo ndo naenda kuuliza.