Johnson Mountain Boys: bluegrass ya asili isiyo na ngoma wala waya wa umeme

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo tunachambua At the Old Schoolhouse, albamu ya Johnson Mountain Boys, bendi ya bluegrass (muziki wa Kimarekani wa ala za nyuzi, ndugu wa kantri), iliyorekodiwa mbele ya hadhira mwezi Februari 1988, ndani ya jengo la shule ya zamani huko Lucketts, jimboni Virginia, nchini Marekani, kisha ikatolewa na kampuni ya Rounder.

Bendi hii ilitoka Maryland, kwenye vitongoji vya jiji la Washington, eneo ambalo familia nyingi za milima ya Appalachia zilihamia kutafuta kazi, zikaja na ala zao na nyimbo zao. Ilipoanza, mwishoni mwa miaka ya 1970, wanamuziki wengi wa bluegrass walikuwa wameshaingiza besi ya umeme na vionjo vya roki. Vijana hawa wakarudi kwa Bill Monroe, baba wa bluegrass, na wenzake wa miaka ya 1940 na 1950, hata jukwaani wakapanda kwa suti, tai na kofia kama wazee wale.

Ala ni tano: gitaa, mandolini (ala ndogo yenye jozi nne za nyuzi), fidla, banjo na besi kubwa ya kusimama. Ngoma haimo, na hapo ndipo ninapowaomba mvae hedifoni na kusikiliza kwa makini. Marshall Wilborn anaipiga besi, na baada ya kila pigo lake David McLaughlin anajibu kwa mandolini: anazichapa nyuzi kwa mkupuo mmoja, kisha papo hapo analegeza vidole vya mkono wa kushoto ili mlio ukatike kabla haujaenea. Mlio huo mfupi na mkavu ndio unaobeba mwendo wa wimbo mzima.

Banjo ya Tom Adams inafuata njia ya vidole vitatu aliyoingia nayo Earl Scruggs katika bendi ya Monroe mwaka 1945. (Tusisahau kwamba asili ya banjo ni ala za kibuyu za Waafrika waliopelekwa utumwani Amerika.) Hata hivyo, kilichonivutia zaidi kwa Adams ni adabu yake: Dudley Connell anapoimba, banjo inashuka chini, na fidla ya Eddie Stubbs ndiyo inayoziba pengo mwishoni mwa mstari, kisha inampisha mwimbaji tena. Kupishana huko ndiko ninakokuita sauti ya asili, kuliko hata suti na kofia. Na kwenye kiitikio, sauti ya pili inapopanda juu ya ile ya Connell, ambayo tangu hapo iko juu na imekaza, nywele zinanisimama kila mara.

Dosari ninayoiona ni mwendo. Nyimbo za kasi ni nyingi, na msikilizaji mgeni anaweza kudhani zinafanana.

Kwa hiyo, ninyi mliozoea kantri ya redioni yenye ngoma na gitaa la umeme, anzeni na nyimbo za taratibu. Na ninyi wa taarabu, ambao masikio yenu yanaijua fidla, mfuateni Stubbs peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho wa wimbo mmoja, msikie anavyouteleza upinde kuingia kwenye noti badala ya kuikanyaga moja kwa moja.