Huduma Namba na Maisha Namba: Ipi Yalinda Faragha?
Huduma Namba, mfumo wa serikali ya Kenya wa kumpa kila mtu nambari moja ya utambulisho, ulioandikisha Wakenya kwa wingi mwaka 2019, iliponzwa na pupa: Januari 2020 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikataza ukusanyaji wa DNA na wa mahali mtu anapoishi kwa GPS, kisha Oktoba 2021 ikabatilisha utoaji wa kadi zake kwa kuwa athari kwa faragha hazikuwa zimetathminiwa kwanza, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Maisha Namba, nambari ya utambulisho iliyochukua nafasi yake mwaka 2023, haikutupanga foleni upya ili kuandikishwa, nami naiona afadhali kidogo. Hata hivyo, nambari moja inayomfuata mtu tangu kuzaliwa hadi kufa hurahisisha kuunganisha rekodi zake zote.