Michoro ya Kolo, Kondoa: ziara ya siku moja kwa klabu ya historia

Kwa sekondari iliyopo Dodoma mjini, hakuna ziara ya historia ya siku moja inayoishinda ya Kolo. Ni kama kilomita 180 kwa lami, barabara ya Babati, na michoro ya miambani ya Kondoa imo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006. Ila wanafunzi wakienda kutazama tu, watarudi na picha za simu, na mada ya vyanzo vya historia itabaki palepale walipoiacha.

Ofisi ya malikale ipo kijijini Kolo. Hapo mnalipia na kupata mwongozaji. Ulizeni bei ya wanafunzi kabla ya kuchangisha wazazi, na mchukue stakabadhi. Mwongozaji msimwache: michoro mingi imefifia kiasi kwamba jicho geni linapita juu yake bila kuiona.

Ratiba huharibikia kwenye kilomita 9 hivi za mwisho, kutoka kijijini hadi Mungomi wa Kolo, mlimani penye michoro. Njia ni ya vumbi na mawe, inataka gari la juu, na mwisho wake kuna mlima wa kupanda kwa miguu. Koasta iliyojaa haifai pale, hasa miezi ya mvua, Desemba hadi Aprili. Panga gari la pili mapema, au nenda kati ya Juni na Oktoba. Ondokeni saa 11 alfajiri. Mkichelewa mtapanda jua likiwa la utosi. Kila mmoja awe na viatu vya kufunika na maji lita moja na nusu.

Mwambani ingizeni wanafunzi 8 hadi 10 kwa zamu, dakika 25 kila kundi. Wakiwa 30 kwa pamoja, wa nyuma hawaoni kitu na wa mbele wanasukumwa hadi kuegemea michoro. Wanaosubiri wachore mandhari ya bondeni. Makorongo ya milima ya Irangi ni somo kamili: mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973 kwa ajili ya mmomonyoko huo, na 1979 mifugo iliondolewa eneo lililoharibika.

Karatasi ya kazi iwe moja, yenye safu tatu: ninachokiona, ninachodhani, ushahidi wangu. Watumie penseli. Waanze na rangi. Michoro myembamba myekundu huhusishwa na wawindaji na wakusanyaji, ambao watafiti wengi huwaunganisha na Wasandawe na Wahadza. Ile minene myeupe ni ya wakulima na wafugaji waliokuja baadaye. Mwanafunzi akiona nyeupe imelalia nyekundu, ameshajua ipi ilitangulia bila kutajiwa mwaka hata mmoja. Mwalimu asiwape umri mmoja wa kukariri, maana watafiti wenyewe hawajakubaliana.

Kisha wapelekeni kwenye mchoro wa watu watano, wa katikati akivutwa huku na huku. Mwanaakiolojia Mary Leakey, aliyenakili michoro ya Kondoa 1951, aliona mtu anatekwa. Wengine baada yake wameona ngoma ya tiba. Msiwaambie lolote hadi safu ya pili ijae. Tofauti kati ya ushahidi na tafsiri, inayochukua vipindi viwili darasani, pale inaeleweka kwa dakika kumi.

Msiruhusu mtu kumwagia michoro maji ili ing'ae. Maji huamsha chumvi ya mwamba, ikikauka inaacha utando mweupe usiotoka. Chaki na kugusa ni marufuku vilevile. Mungomi pia ni mahali pa matambiko ya Warangi, kwa hiyo sauti ziwe chini na kitu chochote kilichowekwa pale kisiguswe. Waonyesheni na shimo lililochimbwa na watu waliotafuta hazina wanayodai Wajerumani waliificha. Tabaka la udongo likishavurugwa, mwanaakiolojia hana tena cha kusoma.

Upungufu wa ziara hii ni kwamba haina kazi ya mikono, na hiyo lazima idara ya historia iifanye yenyewe mkirudi. Tengenezeni rangi: chukueni udongo mwekundu wa shuleni, si wa Kolo. Mtwange, mchekeche kwa kitambaa chepesi, mgawe mafungu matatu: moja mchanganye na maji, la pili na yai, la tatu na mafuta ya mnyama. Pakeni kwenye mawe bapa, myaache nje wiki mbili. Udongo usiochekechwa vizuri hubanduka, na mafuta yakizidi rangi haikauki, inanasa vumbi. Andikeni tarehe na mchanganyiko chini ya kila jiwe siku ileile, kwa sababu baada ya wiki moja yote matatu huwa yanafanana.